Muvi imeisha, stori bado: umalizie kwa sizoni au kwa katuni?

Wikiendi ikifika na hela ya kutoka hamna, vijana wengi wa hapa Dodoma, kuanzia mageto ya Ng'ong'ona mpaka vyumba vya kupanga vya Nkuhungu, wanarudi kwenye laptop, na swali ni lile lile kila mara: muvi ya komiki niliyoipenda haikupata pati 2, au pati zake zimeisha, ila nasikia imeendelezwa kwenye sizoni au kuna katuni yake, sasa niingie huko au nitafute kitu kingine kabisa? Maana wote tunajua miendelezo ya hivi inatengenezwa kwa hela ndogo kuliko muvi yenyewe, na hela ikiwa ndogo huwa inaonekana kwenye kioo.

Upande wangu uko wazi, nauweka hapa mapema ili mwenye haraka asisumbuke. Kama sizoni imemfuata mtu wa pembeni, na huyo mtu ni yule yule aliyecheza kwenye muvi, chukua sizoni. Kama stelingi amebadilishwa afu wanataka uamini ni yule yule, kaa nayo mbali kidogo, au ingia ukijua unachokwenda kukuta. Na kama muvi yenyewe uliipendea vurugu zake, mapigano, majini, watu kuruka, basi katuni ndio itakutendea haki kuliko sizoni yoyote.

Sasa maelezo.

Kwanza tuelewane kwa nini haya yanatokea. Chukua Dredd ya 2012, ile ya jaji ambaye ndio polisi huyo huyo kwenye jiji la miaka ijayo, ambayo Karl Urban havui helmeti mwanzo mwisho, na ambayo imepigwa hapo hapo Afrika Kusini, Cape Town na Johannesburg, sio Marekani kama wengi wanavyodhani. Bajeti yake inatajwa kati ya dola milioni 30 na 45, na majumba ya sinema dunia nzima yakaingiza kama milioni 41. Mtu akiziona hizo namba anasema si hela imerudi, hapana mzee, majumba ya sinema yanabaki na karibu nusu ya tiketi, afu kuna matangazo ambayo hayamo kwenye hiyo bajeti, kwaiyo hapo ni hasara tupu. Scott Pilgrim vs. the World ya 2010 ndio mbaya zaidi, zimetumika zaidi ya dola milioni 60 na mauzo hayakufika 50. Hapo mwenye hela anafunga pochi. Ila mashabiki hawaishi, wanaendelea kununua DVD, wanaendelea kusumbua, na baada ya miaka kadhaa kuna mtu ofisini anasema, sawa, tufanye kidogo kidogo basi.

Na hiyo kidogo kidogo ina njia mbili. Sizoni ya watu wenyewe inabanwa na siku. Kipindi cha saa moja cha TV ya kawaida ya Marekani kinapigwa kwa siku kama nane hivi, wakati muvi kubwa ya masaa mawili inaweza kula miezi miwili mitatu. Ndio maana ukicheki sizoni nyingi za bajeti ndogo unakuta usiku mwingi (giza linaficha seti), watu wamekaa ofisini wanaongea, ofisi ile ile kila episodi, na pambano moja la maana karibu na mwisho. Katuni hesabu yake ni nyingine. Kuchora ghorofa linalipuka ni kazi, sikatai, ila tofauti yake na kuchora watu wawili wanakunywa chai sio ile tofauti ya kulipua ghorofa la ukweli. Afu kubwa zaidi ni mastaa: staa ambaye huwezi kumpata miezi mitatu unaweza kumpata siku chache za kurekodi sauti, yeye yuko London, mwenzake yuko Los Angeles, na kwenye kioo wanagombana kama wako chumba kimoja.

Kwaiyo ukilinganisha, usiulize ipi ina hela zaidi, uliza hela iliyopo imepelekwa wapi.

BLADE NA PENGUIN

Hizi mbili naziweka pamoja kwa sababu zote ni sizoni, zote zimetoka kwenye muvi za komiki zenye jina kubwa, na zimeenda njia tofauti kabisa.

Blade kwa umri wetu haina haja ya utambulisho. Wesley Snipes anawinda mavampaya, koti refu jeusi, miwani, upanga mgongoni. Muvi ya kwanza 1998, ya pili 2002 chini ya Guillermo del Toro, ya tatu 2004. Kwenye vibanda vya video hii kitu ilikuwa inajaza watu mpaka wengine wanasimama mlangoni, na ile sini ya mwanzo ya klabu, damu inamwagika toka juu kama bomba la mvua na mavampaya wanacheza muziki, kuna watu mpaka leo wakiskia ule muziki wanasema "anaingia sasa". Baada ya ya tatu kuisha, 2006 ikaja Blade: The Series kwenye chaneli ya Spike ya Marekani, ikaanza Juni, episodi 13, ikafutwa mwaka huo huo. Snipes hayumo. Nafasi yake kapewa Sticky Fingaz, yule rapa wa kundi la Onyx.

Watu wengi wanaishia hapo, sio Snipes basi sitaki. Mi nasema mnamwonea Sticky kidogo. Tatizo sio yeye, sura anayo na ukimya anao, tatizo ni kwamba kila akisimama kwenye kioo unamwona mwenzake. Na waandishi nadhani walijua, maana stori yenyewe ukiangalia vizuri sio ya Blade. Ni ya dada mmoja anaitwa Krista, mwanajeshi karudi toka Iraki, pacha wake wa kiume kauawa, anaanza kuchimba nani kamuua, anachimba mpaka anaangukia kwa mavampaya, wanamgeuza awe mmoja wao, na Blade anampa dawa ya kuzuia kiu ya damu ili abaki ndani akimletea taarifa. Yani jasusi ndani ya nyumba ya adui, huku adui mwenyewe, Marcus, kampenda. Hiyo ni stori tamu sana na ni ya bei rahisi kuipiga, kwa sababu inahitaji nyumba moja kubwa, suti nzuri, na mtu anayejua kudanganya kwa macho. Episodi zinazomkalia Krista ni nzuri. Zile zinazokumbuka kwamba jina la sizoni ni Blade na kwamba lazima leo apigane na mtu gereji, zinachosha, kwa sababu hapo ndipo unaona zile siku nane za kupiga picha, ngumi zinakatwa katwa, taa za bluu, na vampaya akifa anaungua haraka haraka tuendelee.

Na haina mwisho. Wameifuta ikiwa imekuachia mambo hewani, na hakuna aliyekuja kuyamalizia. Kama we ni mtu wa kuumwa kichwa ukiachwa njiani, usiianze.

The Penguin ya 2024 yenyewe imetoka kwenye The Batman ya 2022, ile ya Robert Pattinson. Episodi nane, kila moja kama saa nzima. Jambo la kwanza walilofanya sahihi ni kumwacha Batman nyumbani. Hayumo. Hawakutafuta mtu wa kuvaa kinyago chake, hawakumwonyesha kivuli, wamekwenda kwa Oz, ndio Penguin mwenyewe, yule mnene mwenye makovu anayechechemea, ambaye kwenye muvi alikuwa na sini chache tu, na ni Colin Farrell yule yule chini ya yale mapambo ya uso yanayochukua masaa kumvisha. Stori inaanza muda mfupi tu baada ya yale mafuriko ya mwisho wa muvi, mji umeharibika, bosi mkubwa wa wauza unga kafa, kiti kiko wazi.

Angalia wanavyoanza. Oz kaua mtoto wa bosi kwa hasira ya dakika moja, yuko na maiti ya kuficha, anatoka nje anakuta vijana wanachomoa rimu za gari lake. Wengine wanakimbia, mmoja anashikwa, kijana mwenye kigugumizi anaitwa Victor, na badala ya kumuua Oz anamfanya dereva na msaidizi. Basi. Mzee mmoja, dogo mmoja, gari moja la zambarau, maiti moja. Hakuna hata mlipuko hapo na huwezi kuacha kuangalia. Sizoni nzima imejengwa hivyo, watu wawili watatu chumbani na kila mmoja anaficha kitu. Episodi ya nne inamwacha hata Oz mwenyewe pembeni, inarudi nyuma kumwonyesha Sofia, binti wa yule bosi, alivyopelekwa hospitali ya vichaa ya Arkham akiwa mzima, na yule dada, Cristin Milioti, kachukua tuzo ya Emmy 2025 kwa hii kazi, na ukishaiona hiyo ya nne hutauliza kwa nini.

Haki itendeke, Penguin sio sizoni ya hela za mawazo, HBO wana hela na Blade ilikuwa kwenye chaneli ndogo. Lakini ukiiweka karibu na muvi iliyoizaa ni ndogo kwa kila kitu, na haijaribu kuficha. Blade nayo ilikuwa na stori ndogo nzuri mkononi, ya Krista, ikawa inaionea aibu. Hapo ndipo nafasi ilipo kati ya hizi mbili, hela inakuja baadae.

Kwa anayechagua: Penguin inaongea sana, sabtaito utazihitaji kama Kiingereza cha wahuni wa Gotham, ule mji wa Batman, kinakupiga chenga, na iliyotafsiriwa haitakufaa maana tamu yote iko kwenye sauti ya Farrell. Blade unaweza kuangalia huku unapika. Kama we ulilelewa na muvi zilizosimuliwa Kiswahili, enzi za kina Lufufu, Blade itakukumbusha nyumbani zaidi, hilo nakubali bila kinyongo.

PEACEMAKER, KWA WENYE GETO

Hii naiweka peke yake kwa sababu watu wengi wameipita. Imetoka kwenye The Suicide Squad ya 2021, muvi iliyokula dola milioni 185, na Januari 2022 ikaja sizoni ya episodi nane, John Cena yule yule, mwandishi na dairekta yule yule James Gunn, sizoni ya pili ikafuata 2025. Stelingi ni mtu ambaye kwenye muvi ulimchukia, kamuua mwenzake mnayempenda, na sizoni inaanza akitoka hospitali na hana hata sehemu ya kwenda zaidi ya kwa baba yake ambaye ni mbaguzi wa rangi kiwango cha juu.

Ujanja wao wa hela nimeupenda. Adui ni viumbe toka nje ya dunia, hapo ungetegemea makompyuta na mamilioni, kumbe hao viumbe ni wadudu wanaoingia kichwani mwa mtu na kumwendesha, kwaiyo muda mwingi adui ni mwigizaji tu aliyekausha uso. Hela iliyookolewa hapo imekwenda kwa tai mmoja wa kompyuta anayemkumbatia bwana wake, na kwa ule mchezo wa mwanzo ambapo waigizaji wote wanacheza dansi bila hata mmoja kutabasamu. Huwa siruki ule mwanzo.

Ila matusi na mambo ya kikubwa yamejaa. Geto, sawa. Sebuleni kwa mama kule mtaa wa Kisasa, usithubutu.

Kati ya Penguin na Peacemaker? Kama umetoka kwenye pepa na kichwa kimechoka, Peacemaker. Kama una akili yako yote, Penguin.

KATUNI SASA, NA LILE FOLDA

Pale Majengo kuna kijana ana kibanda cha kuweka muvi, kompyuta imefunikwa kitambaa kwa ajili ya vumbi la mji huu, feni imegeuzwa iangalie mashine sio watu, na kwenye kioo folda zimepangwa: AKSHENI, KIHINDI, KIKOREA, KISWAHILI, WATOTO. Niliwahi kumuulizia Scott Pilgrim nikiwa nimesimama nyuma ya mama mmoja na binti yake, jamaa akaingia folda la WATOTO, akaitoa huko, akanigeukia, "Kaka, wanao wana umri gani? Maana nina na Akili and Me hapa." Nikamwambia hiyo sio ya watoto, akacheka, "Kaka katuni ni katuni tu."

Na wengi ndio wanavyofikiri, ndio maana vitu vizuri vinawapita. Hapa nazo nichukue mbili.

Scott Pilgrim Takes Off imetoka Novemba 2023 Netflix, episodi nane, hazifiki hata nusu saa nyingi. Imechorwa Japani na studio ya Science SARU, imeandikwa na Bryan Lee O'Malley mwenyewe, mwenye komiki, pamoja na BenDavid Grabinski. Na hapa ndio pa kushangaza: mastaa wa muvi ya 2010 wamerudi kwa sauti, Michael Cera, Mary Elizabeth Winstead, Kieran Culkin, Brie Larson, Chris Evans, ambao wengine baada ya ile muvi wamekuja kuwa Captain America na Captain Marvel. Jaribu kuwakusanya hao wote mbele ya kamera leo uone bei. Kwa sauti imewezekana.

Ila wasiwasi wa watu ulikuwa, kama ni stori ile ile ya Scott kupigana na maeksi saba wa Ramona, demu anayempenda, kwa nini niirudie? Episodi ya kwanza inakudanganya hivyo hivyo, unaona sini unazozijua, mpaka dakika za mwisho jambo moja linageuka, silisemi, na kuanzia ya pili stori inashikwa na Ramona, sio Scott. Yani tena ni kile kile, mtu wa pembeni kapewa usukani. Wale maeksi ambao kwenye muvi walikuwa wanakuja wanapigwa wanageuka sarafu, hapa wanapewa maisha, kuna mmoja anaishia kuwa mtu wa kumwonea huruma kabisa. Ukiwa hujaona muvi, anza na muvi, nasisitiza, la sivyo nusu ya utamu utaukosa.

Upande wa pili kuna Hellboy, yule shetani mwekundu anayepambana na mazimwi. Ron Perlman alicheza muvi ya 2004 na ya 2008, na katikati zikatoka katuni mbili ndefu, Sword of Storms 2006 na Blood and Iron 2007, kila moja kama saa na robo, sauti ni Perlman yule yule na Selma Blair yule yule. Kuna kitu kidogo mashabiki wanakipenda hapa: kwenye muvi ya kwanza yule mtu samaki, Abe, ndani ya lile vazi alikuwa Doug Jones ila sauti waliweka ya mtu mwingine, David Hyde Pierce. Kwenye katuni Doug Jones kapewa kuongea mwenyewe. Haziendelezi muvi moja kwa moja, michoro haifanani na muvi wala haifanani na komiki ya Mike Mignola, ni dunia yake pembeni yenye watu wale wale.

Ya kwanza inampeleka Hellboy kwenye majini ya Kijapani, vichwa vinavyoruka usiku bila viwiliwili, ni nyepesi, inapendeza. Blood and Iron ndio ya kikubwa, inasimulia ujana wa yule profesa aliyemlea Hellboy, 1939, akipambana na vampaya wa kike, na zile sini za zamani zimepangwa kinyumenyume, kila ukirudishwa unarudishwa nyuma zaidi ya mara iliyopita. Ukiwa unachezea simu utapotea. Mchoro wenyewe lakini ni wa kawaida sana, hapo sitadanganya, unaona kabisa ni katuni ya TV ya miaka ile, mandhari yametulia, watu wanasimama wanaongea midomo tu ndio inatembea. Ukiiweka pembeni ya Scott Pilgrim, ambayo ngumi zake zinakufanya urudishe nyuma uone tena, inaonekana maskini. Stori inaibeba.

Kwaiyo kati ya hizo mbili za katuni, kwa macho ni Scott Pilgrim bila mjadala. Kwa mtu anayependa mambo ya majini na uchawi wa hadithi za usiku, ambaye animé za rangi rangi zinamchosha, Blood and Iron, na unaweza kuiangalia hata kama muvi za Hellboy uliziona zamani na umezisahau nusu.

BANDO NA MUDA

Hili linaonekana dogo ila kwa wengi ndio linaamua. Netflix wanasema ubora wa kawaida unakula mpaka GB 1 kwa saa, na ule wa HD mpaka GB 3. Scott Pilgrim yote ni chini ya masaa manne, kwaiyo kama GB 4 kwa ubora wa kawaida, usiku mmoja umemaliza. Ukipeleka hesabu hiyo hiyo kwa Penguin ni kama masaa nane. Blade inakaribia kumi. Katuni za Hellboy zote mbili masaa mawili na nusu. Afu kuna Snowpiercer.

Snowpiercer nilitaka niipite ila tangu treni ya SGR ianze kuleta watu hapa Dodoma toka Dar mwaka 2024, kila mtu akiisikia anaitania, kwaiyo tuimalize. Komiki ya Kifaransa ya 1982, muvi ya Bong Joon-ho ya 2013 na Chris Evans, dunia imeganda, mabaki ya binadamu wote wako kwenye treni isiyosimama, maskini nyuma, matajiri mbele. Sizoni imeanza 2020, haiendelezi muvi bali inaanza upya, treni ina mabehewa 1,001, na badala ya mapinduzi ya moja kwa moja kwenda mbele wameanza na upelelezi wa mauaji. Sizoni nne, episodi kumi kumi. Muvi ilikuwa na kasi ya watu wanaosonga mbele behewa kwa behewa bila kupumua, na masaa mawili yakaisha. Ukiinyoosha iwe masaa thelathini ile kasi inakufa, wanaanza kwenda mbele wanarudi nyuma wanakwenda tena mbele. Sizoni ya kwanza inatosha, Jennifer Connelly yuko vizuri. Iliwahi hata kukataliwa na chaneli yake ikiwa ya nne imeshapigwa, ikabidi AMC waichukue waitoe 2024. Kama una likizo ndefu na bando la mtu mwingine, endelea.

The Crow: Stairway to Heaven ya 1998, episodi 22, ya Mark Dacascos, sentensi moja tu inaitosha: ni muvi ile ile ya Brandon Lee iliyopunguzwa makali ili iingie kwenye TV, na nayo wameiacha hewani, nenda kaangalie muvi.

NA WALE WA DREDD

Nimeanza na Dredd na najua kuna watu wameshuka mpaka huku kwa ajili yake tu. Hali ndio hii. Muvi imeisha jengo moja, Peach Trees, ghorofa 200, siku moja. 2017 Rebellion, wenye ile komiki ya 2000 AD, wakatangaza sizoni inaitwa Mega-City One, jina la jiji la Dredd. Haijatoka. 2014 Adi Shankar, mmoja wa waliohusika na muvi, alitoa katuni fupi za mtandaoni za Superfiend, vipande sita, zinamhusu Judge Death, jaji wa kifo, adui wa Dredd, ni bure na zote ukizijumlisha hazifiki nusu saa, ila ni za kihuni, rangi kali, michoro kama ya asubuhi ya Jumamosi iliyopata wazimu, ukitegemea ule ukimya wa Karl Urban utashtuka.

Mwendelezo wa kweli umerudi ulikotoka, kwenye kurasa. Underbelly ya 2014, imeandikwa na Arthur Wyatt na kuchorwa na Henry Flint, inaendeleza stori baada ya muvi, helmeti ni ile ya muvi, sare ni za muvi, Anderson, yule jaji mwanafunzi anayesoma mawazo ya watu, ni yule wa muvi. Kwa bajeti ni ya mwisho kabisa kwenye orodha yote hii, wino na karatasi, na ndio pekee ambayo haikubadilisha mtu wala kupunguza jengo. Ukipewa uchague kati ya kusubiri sizoni iliyotangazwa toka 2017, kuangalia Superfiend, na kusoma Underbelly, soma, afu Superfiend weka baadae ukiwa na wenzako mnacheka.

Na kama siku moja hiyo Mega-City One ikitoka kweli, kabla hujaweka bando angalia vitu viwili tu kwenye trela: kama ni jiji zima au ni kituo kimoja cha polisi na majaji wake wadogo, na kama Dredd amevua helmeti. Ikiwa ni kituo kimoja na helmeti ipo, mi nipo. Ikiwa ni jiji zima na helmeti iko mezani, niachieni.